Wasomaji Wauliza: Kuhamisha Jamaa kutoka Lamu hadi Malindi

Barua tano za mwezi huu zimetoka Lamu na visiwa vyake, na zote zauliza habari ya kuhamia Malindi: kazi, shule, chombo cha bahari, biashara, kiwanja. Tumezijibu pamoja. Bei zilizomo ni zile wasomaji walizotajiwa wenyewe. Kabla ya kulipa, uliza tena.

SWALI: As-salamu alaykum. Mimi ni fundi seremala, nakaa Langoni na mke na watoto watatu. Kazi ya milango na vitanda imepungua, na nyumba naipanga kwa shilingi 9,000. Nimeambiwa Muyeye, Malindi, nitapata ya vyumba viwili kwa 6,500, na kwamba Disemba hoteli zaajiri watu. Akiba yangu ni 85,000. Lori nimetajiwa 18,000. Punda, hamali na boti mpaka Mokowe, upande wa bara, 6,500. Nauli yetu sote 5,000. Matumizi yetu kwa mwezi, kodi ikiwa ndani, ni 24,000. Tuhame Disemba hii?
Fundi, Langoni

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, fundi. Hesabu umeiandika wazi, basi tuifuate mpaka mwisho wake. Kuingia nyumba utaombwa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja: 13,000. Lori 18,000. Punda, hamali na boti 6,500. Nauli 5,000. Sare za shule hukuzitaja, na shule mpya ni sare mpya. Kwa watoto watatu, pamoja na madaftari, tuweke 12,000. Jumla 54,500. Unabakiwa na 30,500, na nyumba yako yala 24,000 kwa mwezi. Maana yake mtafika Malindi mkiwa na mwezi mmoja na wiki moja tu. Fundi mgeni ambaye hakuna mwenye jumba amjuaye hapati kazi ya kutegemewa kwa muda huo. Jamaa inayohama yapaswa ifike na matumizi ya miezi mitatu mkononi, nayo kwako ni 72,000. Umepungukiwa na 41,500.

Pengo hilo lazibika, ila si kwa kuhama Disemba. Aliyekwambia Disemba alikupa msimu wa mpishi na mhudumu, hakukupa msimu wa seremala. Wageni Malindi huwa wengi tangu Disemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Kuanzia Aprili mpaka Juni ni mvua za masika, bahari imechafuka, na hoteli nyingi hufunga. Hapo ndipo wenye hoteli na majumba hutengeneza milango, madirisha, vitanda na paa za makuti, kwa kuwa vyumba ni vitupu na sauti ya randa haimkeri mtu. Kazi hiyo hurudi tena Septemba hadi Novemba, kabla wageni hawajaingia. Disemba ikifika, fundi anayeitwa ni yule aliyekwisha kujulikana tangu Mei. Wewe ungefika mwezi ambao kazi yako imekwisha kugawanywa.

Kwa hivyo nenda peke yako mwishoni mwa Aprili, na sanduku lako la vyombo. Panga chumba kimoja. Mke na watoto wabaki Langoni mpaka shule zifunge mwisho wa mwaka. Beba kipande kimoja cha nakshi kilicho chepesi, fremu ya kioo kwa mfano, na picha za milango uliyoifanya. Nakshi ya Lamu yajulikana Malindi, na kipande cha kushikwa mkononi husema kuliko maneno. Zungukia wauza mbao, kisha walinzi na wasimamizi wa majumba, maana wenye majumba, wengi wao Wataliani, miezi hiyo hawako, na msimamizi ndiye achaguaye fundi. Kwa sababu hiyo hiyo malipo huchelewa. Mbao na bawaba zinunuliwe na mwenye nyumba, na nusu ya ufundi ulipwe kazi ikifika nusu, yote yakiwa yameandikwa na kutiwa sahihi.

Mei hadi Novemba ni miezi saba. Ukiweka kando 6,000 kila mwezi utapata 42,000, na lile pengo limezibwa. Na ikiwa kwa miezi hiyo saba huwezi kuweka 6,000 baada ya kulipa chumba chako na kutuma matumizi nyumbani, basi Malindi haikufai kwa sasa, nawe umelijua hilo bila ya kuivunja nyumba yako.

Miezi hiyo uitumie pia kuitazama ile nafuu ya kodi. Lamu waenda kazini kwa miguu. Malindi, ukilipa tuktuk 50 kwenda na 50 kurudi kwa siku 26, ni 2,600, na tofauti ya kodi uliyoifurahia ni 2,500. Mji ni tambarare, nunua baiskeli. Jambo la pili ni maji. Maji ya mferejini Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na umeme wa pampu ukikatika au mto ukifurika, mji wakaa siku kadhaa bila ya maji. Watu watano kwa lita 20 kila mmoja ni mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, na ya kununua hiyo. Nyumba isiyo na tangi si rahisi hata kodi yake ikiwa ndogo. Uliza tangi lajazwa kwa mfereji au kwa kisima, na maji ya kisima uyaonje kabla ya kutoa pesa, maana karibu na bahari mengi ni ya chumvi. Mita ya umeme ya tokeni iwe yako peke yako, na uhakikishe haina deni la mpangaji aliyetoka. Usimlipe dalali kodi. Umlipe mwenye nyumba au msimamizi wake, upewe risiti yenye jina, tarehe na nambari ya chumba.

Siku ya mizigo yaamuliwa na mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Boti haliwezi kukaa vizuri gatini, na hamali atabeba friji matopeni. Chagua maji mafu, tarehe 8 au 9, ama 22 au 23 ya mwezi wa Kiislamu, ambapo maji hujaa asubuhi kiasi cha saa nne au tano na hayapwi sana. Magodoro yafungwe kwa nailoni, maana hata bahari iliyotulia hurusha maji ya chumvi, na godoro lililoingia chumvi halikauki tena sawasawa. Friji isafiri wima. Ikilazimu kulazwa, ikifika isimame saa 24 kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi ufungwe na upande lori. Katika basi haufai.

Kuhusu lori, usikodi la kutoka Malindi kuja kukuchukua. Malori yaletayo simenti na vyakula Mokowe mengi hurudi matupu au nusu, na dereva anayerudi mtupu hukubali bei ndogo kuliko hiyo 18,000; msimu wa maembe huwa ana mzigo wa kurudia. Andika orodha ya vitu, dereva aitie sahihi, na mtu wenu mmoja asafiri na mzigo. Akiba ya mbao, kama unayo, iuze Lamu. Mbao zahitaji kibali cha kusafirishia kutoka Huduma ya Misitu, na lori litakalosimamishwa kizuizini kwa ajili ya mbao zako litazuia na vitanda vya wanao. Samani iliyokwisha kutengenezwa ni jambo jingine.

Watoto na mama wapande basi la asubuhi kutoka Mokowe wafike kabla ya jua kuchwa. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mwenyewe, si picha ya simu. Vizuizi ni vingi na hukaguliwa. Ukiahirisha safari ukaangukia mvua kubwa, ulizia kwanza hali ya Gamba na Lango la Simba, kwani mafuriko ya mto Tana huikata barabara hapo, kama ilivyokuwa mwisho wa 2023 na masika ya 2024.

SWALI: Mume wangu amekwisha kupata kazi Malindi nasi tutamfuata. Msichana yuko Gredi ya 8, mvulana Gredi ya 5, na mdogo wao wa miaka minne hana cheti cha kuzaliwa, alizaliwa nyumbani. Nianzie wapi?
Mama wa watatu, Mkomani

JIBU: Anza na huyo mdogo, dada. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu wa mahali alipozaliwa, na huyo ni wa Lamu, ambako mzee wa mtaa na mkunga wakujua. Ukisha kuhama, kila karatasi itakurudisha Lamu kwa nauli. Bila ya cheti hicho mtoto atasumbuka kuingia shule, na kumwandikisha kama mtegemezi wako katika bima ya afya ya SHA kutakuwa na matatizo. Yenyewe SHA haihitaji kuhamishwa, ni ya nchi nzima. Piga *147# utazame kama watoto wote wamo. Kijitabu cha kliniki cha mdogo kiweke katika mkoba wako wa mkononi, kisipande lori, maana ndicho chenye chanjo zake.

Kwa hao wakubwa, mpangilio una maana kuliko haraka. Kwanza pata nafasi: mkuu wa shule ya Malindi akupe barua ya kukubali kila mtoto. Pili, mkuu wa shule ya Lamu atoe barua ya uhamisho na amwachilie mtoto katika mfumo wa wizara. Tatu, hapo hapo shule mpya impokee katika mfumo huo. Kinachoharibika mara nyingi ni katikati ya hatua ya pili na ya tatu: shule ya zamani imemwachilia, shule mpya haijampokea, na mtoto aenda darasani kila siku huku katika hesabu za serikali hayuko popote. Pesa za serikali za kumsomeshea hazifiki, na siku ya kusajili mtihani jina halionekani. Usiondoke afisini Malindi mpaka uonyeshwe jina lake kwenye skrini.

Msichana wako ndiye wa kuangaliwa zaidi. Matokeo yake ya mwisho wa Gredi ya 9 yatajumlishwa hivi: tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA asilimia 60. Alama hizo za shuleni huingizwa na walimu wa shule anakosoma. Kwa hivyo kabla ya kutoka Lamu muulize mwalimu kama alama za Gredi ya 7 na 8 zimekwisha kupelekwa kwa baraza la mitihani, KNEC, na uandike nambari yake ya tathmini. Ahamie Januari, mwanzo wa Gredi ya 9. Akihama katikati ya mwaka huo usajili wa mtihani utakuwa umempita. Mvulana naye aingie Gredi ya 6 Januari na asiguswe tena mpaka amalize. Tazama herufi za majina: cheti kikisema Mohamed na shule ikiandika Muhammad, jambo hilo lirekebishwe Lamu, kwa mkuu anayewajua. Na mwalimu wa chuo cha Kurani naye aombwe aandike mtoto amefika juzuu gani, asirudishwe nyuma bure.

Kuna jambo dogo linalowapoteza wengi. Shella ni wadi ya Lamu Magharibi, na Shella ni wadi ya Malindi pia. Katika fomu za basari, kura na hospitali andika kaunti na eneo bunge, usiandike Shella peke yake. Basari za eneo bunge kwa kawaida huulizia kadi ya kura ya mzazi, kwa hiyo hamisheni kura zenu kwa tume ya uchaguzi, IEBC, mapema. Sheria yataka ombi liwe limefika angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027.

SWALI: Nina mashua ya watu watano, nataka kuhamia na chombo Malindi au Mayungu kwa sababu ya soko. Napaswa kufanya nini?
Mvuvi, Kizingitini

JIBU: Kwenda dago wakujua, ndugu: wakaa msimu, wauza, warudi. Kuhama ni tofauti, maana chombo chako chataka kuandikwa upya. Kila bandari ya wavuvi ina BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani hiyo, na kwa kanuni mvuvi huwa mwanachama wa ile ya mahali anapoteremshia samaki. Chukua barua ya BMU ya Kizingitini isemayo kwamba huna deni wala kesi, na chombo ni chako. Ipeleke kwa BMU unakokwenda kabla ya kufunga safari, umwone mwenyekiti na afisa wa uvuvi, ndipo leseni na usajili wa chombo vibadilishwe. Anayeshuka pwani na mashua kwanza kisha akaanza kueleza, hupokewa kama mwizi wa samaki.

Nyavu zako zikague mwenyewe ukiwa bado Kizingitini. Juya la kuvuta pwani, bunduki ya kupigia samaki na nyavu za mkano (za uzi mmoja wa nailoni) ni marufuku Kenya nzima, na mahali ambapo hujulikani hakuna atakayekufumbia macho. Kubwa zaidi ni Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Ndani ya hifadhi yenyewe havuliwi hata samaki mmoja. Katika eneo la akiba linaloizunguka uvuvi wa kienyeji waruhusiwa. Mipaka hiyo haionekani majini kwa mgeni, basi wiki mbili za kwanza toka na nahodha wa pale pale, umlipe fungu, akuonyeshe mipaka na miamba. Ukikamatwa ndani, chombo na nyavu huzuiliwa, na hapo ndipo hasara ya kuhama huwa kubwa.

Chombo chenyewe ukilete kwa kaskazi, Disemba hadi Machi, upepo ukusukume. Ukingoja kusi utasafiri ukipigana na upepo, na kati ya Juni na Agosti bahari ya nje haina huruma kwa mashua ya watu watano. Maboya ya kuvaa yawe ya watu wote watano.

SWALI: Nauza mahamri na mbaazi. Nikifika Malindi naweza kuanza mara moja?
Muuza mahamri, Matondoni

JIBU: Kwanza cheti cha afya, mama. Kila anayepika chakula cha kuuza hupimwa, na cheti hicho huisha baada ya miezi 6, kwako na kwa msaidizi wako pia. Kisha kibali cha biashara cha kaunti, ambacho huandikwa kwa mahali ulipo. Ukihama kibanda, kibali hakikufuati chenyewe. Cha Lamu hakitumiki Kilifi.

Ukipanga kibanda bila ya mkataba wa maandishi, usidhani huna haki. Sheria ya upangaji wa maduka, sura ya 301, yamtaka mwenye kibanda akupe notisi ya miezi miwili katika fomu maalumu kabla ya kupandisha kodi au kukutoa, nawe waweza kwenda kwa baraza la kodi za nyumba za biashara kabla ya muda huo kwisha. Weka risiti zote, kwa kuwa bila ya risiti huwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa mpangaji. Na usifungue mwezi wa Shaabani katika mtaa wa Waislamu wengi: mwezi unaofuata hakuna anayenunua asubuhi, na kodi ya kibanda haifungi.

SWALI: Nimeonyeshwa kiwanja nje ya mji wa Malindi kwa bei ndogo, kina nyumba ya makuti tayari. Muuzaji hana hati. Ana karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa mzee wa mtaa. Ninunue nisilipe kodi tena?
Msomaji, Faza

JIBU: Usinunue, ndugu. Tunalisema kwa mkazo kwa kuwa jambo hili limewaacha watu wazima na watoto wao barabarani. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, sehemu kubwa ya ardhi ya Pwani ilisajiliwa kwa majina ya wachache, na waliokaa juu yake wakahesabiwa maskwota. Ndiyo maana mahali paweza kuwa na minazi iliyopandwa na babu na makaburi ya jamaa, na hati ikawa kwa mtu asiyeonekana kamwe. Pwani kuna pia nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe walipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Yaelekea hicho ndicho unachouziwa, na muhuri wa mzee haubadilishi jina lililo katika daftari la ardhi.

Panga nyumba mwaka mmoja kwanza. Baadaye, ukipata kiwanja chenye hati, fanya uchunguzi rasmi katika usajili wa ardhi kabla ya kutoa hata arubuni, uone jina, mkopo wa benki na zuio lolote. Kama muuzaji ana mke, au ni mke mwenye mume, idhini ya mwenzake iwe ya maandishi. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Ikikosekana, mauzo hayo ni batili hata kama umekwisha kulipa yote. Na huyu muuzaji wa sasa muulize nambari ya kiwanja tu. Akishindwa kuitaja, hakuna cha kuchunguza, na pesa zako zibaki benki.